Diski ya Uchumba

Muuzaji aliweka diski mbili juu ya meza ya kioo, akaanza kueleza taratibu kama mtu anayetoa dawa. Hii, ukishaandika umeandika. Hii nyingine unarekodi, unafuta, unarekodi tena, hata mara elfu. Mshona mapazia akazitazama zote mbili, kisha akasema, "Kwa hiyo hii ya kwanza ni ya ndoa na hii ya pili ni ya uchumba. Nipe ya uchumba."

Akatoka dukani na diski moja tu, kwa sababu hakuona haja ya kuwa na wachumba wawili.

Mashine ya kurekodi DVD alikuwa ameachiwa na mteja aliyehama. Ilikaa chini ya televisheni, pana na nzito, ikiwasha taa nyekundu kila inaporekodi. Sebule ile ilikuwa nusu sebule, nusu kiwanda: cherehani karibu na dirisha, marobota ya vitambaa nyuma ya kochi, na pini kwenye zulia zikiwasubiri wageni wanaovua viatu. Tamthilia yake ilionyeshwa alasiri, saa ambayo wateja humiminika wakibishana kuhusu urefu wa madirisha yao. Basi mashine ikarekodi, yeye akapima. Jioni alitazama huku akipinda mapazia, na ikiisha alisema bila kugeuza shingo, "Baba Watoto, futa."

Baba Watoto, fundi wa kufuli, aliokota rimoti na kubonyeza. Mashine ilimuuliza kama ana hakika, naye alimgeukia mkewe, mkewe akatikisa kichwa kukubali, ndipo akabonyeza tena. Ufutaji ndio ulikuwa cheo chake pekee ndani ya nyumba ile, na alikishika kwa uaminifu. Kuhusu maneno, alikuwa bahili. Kumtoa sentensi mdomoni kulikuwa kazi kama ya kufuli zake: uchokonoe, utege sikio, na huenda usipate kitu.

Sasa, mama huyu alikuwa na kicheko. Hakikuwa kicheko cha kufunika mdomo kwa kiganja. Kilianza kama pikipiki inayokataa kuwaka, kikakohoa, kikazimika, halafu kikashika moto, na hapo kila aliye karibu alishikilia kikombe chake. Siku moja alialikwa pamoja na wanawake wengine kukaa ukumbini kwenye kipindi cha televisheni kuhusu ndoa, kilichokuwa kikirushwa moja kwa moja. Mtaalamu mwenye miwani akashauri kwamba kila jioni mume na mke wakae wakitazamana, kila mmoja amweleze mwenzake hisia zake. Mshona mapazia akamwona mumewe akilini, amekalishwa hivyo, mikono magotini. Pikipiki ikaanza kukohoa. Mtaalamu akapoteza alipofikia, kiti cha mama kikateleza, kamera zikageuka, naye akawa chini.

"Mama, kulikoni?" mtangazaji akauliza.

"Ndugu mtaalamu," akasema kutoka sakafuni, akifuta machozi, "wa kwangu ukimkalisha hivyo, atadhani amefumaniwa."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kipindi hakikurudi tena kwenye mstari wake.

Nyumbani, Baba Watoto alikuwa amerekodi kama alivyoagizwa: hiki ni cha kubaki, kisifutwe na tamthilia. Mkewe aliporudi, alisema, "Nimekuona," kisha akauliza kama kuna chai. Basi. Mama alivua viatu na kujiambia kwamba hakutegemea zaidi, ingawa alikuwa ametegemea.

Aliyebaki kuonyeshwa ni wifi yake, muuguzi mkuu mstaafu, ambaye ukoo mzima ulimwita Matroni. Tangu siku ya harusi, Matroni aliamini kwamba kaka yake alioa mwanamke asiye na jambo la kusimuliwa. Aliposikia habari ya televisheni alisema, "Wewe? Kwa lipi?" Mshona mapazia akabeba diski mpaka kwake, ikatiwa kwenye mashine ya Matroni, na mashine ikaitema.

"Wifi," Matroni akasema, akiigeuzageuza kwenye mwanga, "umeniletea kioo cha kujitazamia."

Fundi redio wa mtaani, alipopelekewa diski, akaeleza kosa: diski ile haikuwa imefungwa. Isipofungwa itacheza kwenye mashine iliyoirekodi tu, na ukishaifunga huongezi kitu mpaka uifungue tena. Kufunga diski tamthilia ikiwa imefika pale mume wa pili anafufuka? Haiwezekani. Basi Matroni aje mwenyewe aone. Mbele ya ukoo uliosikia kila neno la ile "kwa lipi", mama aliapa kwamba safari hii wifi ataona kwa macho yake.

Sasa, Matroni hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kupitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Kwa hiyo asubuhi ya siku yenyewe nyumba ilifutwa yote: meza, fremu za picha, mgongo wa televisheni, hata majani ya ua la plastiki. Mama akiwa jikoni na ndoo, akakumbuka alama za vidole vya fundi redio.

"Baba Watoto," akaita, "nifutie na ile diski."

Matroni alifika, akakaa, akapitisha kidole, hakupata kitu, akasononeka kidogo. Mama akatia diski. Kioo cha televisheni kikawa cha buluu, kikabaki cha buluu.

"Baba Watoto, diski iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Haina kitu."

"Si ulisema nifute."

"Nilisema ufute kwa kitambaa."

Mumewe akafikiri. "Diski haifutwi kwa kitambaa humu ndani. Ukisema futa, nabonyeza. Ikaniuliza kama nina hakika. Wewe ulikuwa jikoni, nikaona leo niwe na hakika mwenyewe."

Matroni akakunja mikono juu ya mkoba wake. "Kaka, usijitwishe mzigo wa kumfichia. Chai nimekunywa, inatosha."

Mama alikuwa akiwaza jinsi habari itakavyozunguka ukoo, nyumba hadi nyumba, na kwamba shahidi wake pekee ni bubu wa kujitakia.

Ndipo Baba Watoto akainuka, akavuta kiti cha cherehani hadi katikati ya zulia, akaketi.

"Ulikuwa mstari wa tatu," akasema. "Gauni la kijani. Kilemba kimelegea upande wa kushoto, ukakisukuma hivi." Akasukuma kilemba kisichokuwepo. Kisha akavaa miwani ya hewa na kusema ushauri wa mtaalamu, neno kwa neno, hata pale alipokwama. Halafu akaanza kukohoa kama pikipiki. Ikazimika, ikawaka. Akateleza, akaanguka chini, pini ikamwingia pajani, hakujali. Akafuta machozi yasiyokuwepo, akasema kwa sauti ya mkewe: "Ndugu mtaalamu, wa kwangu ukimkalisha hivyo, atadhani amefumaniwa."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Umeitazama mara ngapi?"

"Kila ukienda kununua nyuzi."

"Nyuzi hizi zinazoisha kila mara?"

"Nyingine nilikuwa nazificha," akasema kutoka sakafuni.

Kikaanza kooni mwa mama, kikakohoa, kikazimika. Halafu kikashika moto. Matroni alinyakua kikombe chake, midomo ameibana kwa nidhamu yote ya wodini, mpaka mabega yakamsaliti.

"Hiki ndicho walichokirusha hewani?" akauliza alipopata pumzi.

"Hichohicho," kaka yake akasema.

"Mbele ya watu wazima?"

"Mbele ya nchi nzima."

Matroni akafuta macho, akashusha mkoba sakafuni, akamwonyesha kaka yake kiti. "Hebu kaa tena. Anzia kwa mtaalamu. Na uchomoe hiyo pini kwanza."