Mofini za Baba na Unga wa Wimbi

Baba alikuwa mpishi wa mama mmoja Mwingereza ng'ambo ya mji, na miaka ya sabini ikielekea kuisha, ndiye mtu pekee mtaani kwetu Kaloleni aliyejua kupika mofini, vile vimkate vya duara vya Waingereza. Yule mama alikuwa akililia chakula cha kwao, basi akamfundisha Baba, naye Baba akatufundisha sisi. Unga wa ngano, hamira, maziwa ya uvuguvugu. Ukishaumuka unaukata kwa kopo la samaki lililoondolewa vifuniko pande zote mbili, unanyunyiza unga wa mahindi kwenye kikaango kikavu, na moto uwe mdogo, la sivyo nje inaungua na ndani ni mbichi. Kisu marufuku: mofini hupasuliwa kwa uma. Majirani wakatuita Waingereza, nasi tukavimba vichwa, usiniulize.

Halafu Baba akaanza kukonda. Alilazwa hospitali, akarudishwa. Daktari alimwita mama yetu kando akamwambia jambo ambalo hakutuambia, ila siku hiyo alirudi akafua mapazia yote na kuazima viti kwa jirani. Niliuliza ni wageni gani wanaokuja. Akaniambia nifunge mdomo.

Wiki ile ile Baba akasema anatamani ugali wa wimbi, ule ulezi, na mboga ya mrenda, kama wa mamake kule magharibi. Mama akajifanya hajasikia. Aliporudia kesho yake, mama alinivuta hadi jikoni akafunga mlango. Akanikumbusha kakake, aliyefia chumba kile kile tulichomlaza Baba. Naye alidai viazi vitamu vya kwao, vikaletwa, akala akashiba, na jua halikutua akiwa hai. Kwa mama, mgonjwa anayedai chakula cha utotoni anaaga, na ukimpa umemfungulia mlango.

"Wimbi haliingii nyumba hii," alisema. "Asipolila, haendi."

Basi tukapika mofini, kila siku, kama watu waliorukwa na akili. Nyumba ilinuka hamira tangu asubuhi. Baba alimega kipande, akashukuru, akarudisha sahani. Nilianza kuichukia harufu ile, na naichukia hadi leo.

Siku moja mama akiwa sokoni, Baba aliniita. Nina jina la mamake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita mama.

"Mama," alisema, "niandikie nyanya yako. Anitumie wimbi kwa basi, hata kikombe kimoja."

Niliandika, nikamsomea, akatabasamu. Kisha nikaipeleka ile barua kwa mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka baba yangu aishi, sina kisingizio kingine. Mama aliisoma yote, akaitumia kuwashia jiko, na mofini za siku ile zikapikwa juu yake.

Baba akawa ananiuliza kila asubuhi kama basi limefika. Nilimwambia mvua imeharibu barabara. Nilimwambia litafika kesho. Nilidanganya vizuri mno, kwa sababu aliniamini. Mama alipomletea mofini, aliisukuma kando kwa upole na kusema hapana, anaacha nafasi tumboni, wimbi li njiani. Mama akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Aliacha nafasi siku tatu. Hakugusa mofini, hakugusa uji, hakugusa hata chai. Tulimbembeleza, akatucheka kidogo, akasema tusimharibie hamu.

Siku ya nne mama alinipa kikapu akaniambia nikimbie soko la Gikomba nikanunue wimbi. Gikomba, ambako wimbi liliuzwa kila siku ya Mungu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilikimbia kwenda na kurudi.

Nilimkuta mama ameketi kitandani, amemfumba Baba macho. Nikamwonyesha kikapu. Hakukipokea.

"Tulimnyima," alisema.

Hakusema nilimnyima. Alisema tulimnyima, na hakukosea.