Kitenge cha pili cha matanga

Kipindupindu kilipoingia Cibitoke, kwetu Burundi, nilikuwa bado navaa kitenge cha matanga ya mume wangu. Jirani yangu alikuwa mama aliyekimbia vita Kongo, hana karatasi yoyote. Binti yake alipoanza kuhara maji, alijifungia naye ndani.

"Dada, kwa bariyeri ya njia ya kituo cha afya askari wataomba kitambulisho. Watanirudisha."

"Na ukibaki humu utamzika."

Nikampa kitenge changu cha pili cha matanga, akakivaa. Yeye naye alikuwa mjane: mume wake aliuawa wakiwa njiani kukimbia, na yeye hakupata hata nafasi ya kumlilia. Nikamfunga mtoto mgongoni kwangu, tukatoka.

Kwa bariyeri askari alimtazama mwenzangu. "Huyu ni nani?"

"Jirani yangu. Amefiwa na bwana, kama mimi."

Sikudanganya, wala sikuongeza neno. Akashusha macho.

"Poleni, mama. Piteni."

Kituoni muuguzi aliuliza jina la mtoto tu, akamtundikia serumu ya maji mshipani.

Baada ya siku chache binti alidai maharage. Mama yake akacheka, halafu akaanza kumlilia mumewe kwa sauti, nami nikalia naye. Mtoto akaacha kutafuna.

"Kula, we," mama yake akamwambia. "Usituangalie."