Stockholm Bila Shoga Yangu

Shoga yangu alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo, uwanja wa ndege wa Stansted, pasipoti na tiketi nimezishika mkono mmoja. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Mei, mwaka 2004.

"Usinisubiri," aliniambia. "Mtoto kaamka na homa."

"Homa ya kiasi gani?" nikauliza, maana mimi ni muuguzi, na yeye pia ni muuguzi.

"Homa tu. Babake hataki nitoke."

Nikamwambia haidhuru, ampe maji mengi. Sikumwambia kwamba nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto akicheka, televisheni ikiwa juu.

Mimi na yeye tuliingia London mwaka mmoja, 1998. Sote ni wa Mombasa, yeye wa Kisauni na mimi wa Likoni, lakini kule hatukujuana. Tulikutana Edmonton, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tulikokuwa tukifanya kazi huku tukingoja vyeti vyetu vya uuguzi vikubaliwe. Tukapanga chumba kimoja, kitanda chake dirishani, changu mlangoni. Tulipika wali kwa nazi ya mkebe, tukafunga Ramadhani pamoja, na babake alipofariki na yeye hakuweza kwenda kuzika, nilimshika mabega mpaka alipolala. Baadaye nilipata kazi ya wodini katika hospitali moja kusini mwa mji nikahamia Lewisham, naye akaolewa Wembley. Kwa kusema, London ni mji mmoja. Lakini kutoka kwangu hadi kwake nilibadilisha treni mara mbili, na zamu zetu hazikupatana: mimi nikitoka kazini, yeye anaingia. Mwanzo tulionana kila wiki, kisha kila mwezi, mwisho ikawa Idi mpaka Idi.

Safari ile ilikuwa wazo lake. Aliliona tangazo gazetini: siku tatu Stockholm, matembezi ya miguu na kiongozi wa mji, kikundi kidogo kisichozidi watu kumi.

"Kila mtu anakwenda Paris," alisema. "Sisi twende wasikokwenda watu."

Tukaenda pamoja kuomba visa. Karani alizipekua barua zetu za kazini akauliza tunakwenda kumwona nani.

"Hakuna," nikajibu. "Tunakwenda kutembea."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu," akasema shoga yangu, akaangua kicheko, mpaka karani naye akacheka. Nilirudi nyumbani siku ile nimefurahi kupita kiasi. Nilidhani nimempata tena.

Basi nikapanda ndege peke yangu, kiti cha kando yangu kitupu. Hotelini nikapewa chumba tulichoagiza, cha vitanda viwili. Niliweka begi langu juu ya kitanda cha pili, nikaliondoa, nikaliweka tena. Jioni jua lilikataa kushuka. Nilikaa dirishani na udhu wangu nikingoja Magharibi, saa zikaenda, na mwanga uko vilevile juu ya mapaa. Chini watu walikaa nje ya mikahawa, wamejifunika mablanketi magotini, wakiongea kwa sauti za chini. Nilitamani mtu wa kumwambia, hebu angalia, watu wamebeba mablanketi mkahawani.

Kesho yake tulikutana kwenye uwanja mmoja wa mji mkongwe. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu mstaafu. Hakubeba bendera wala mwavuli. Alisema watu wanane hawapotei. Kulikuwa na mke na mume wawili waliooana karibuni, mke na mume wengine wa makamo, dada wawili waliovaa makoti yanayofanana, mimi, na mzee mmoja wa Kiingereza aliyevaa koti la mvua la rangi ya mchanga na viatu vilivyong'arishwa vizuri sana.

"Mawe ya njia zetu yanateleza," kiongozi alisema. "Kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia."

Wengine hawakuhitaji kugeuka. Mimi na mzee tukabaki tumesimama, tukatazamana.

"Nafikiri ni mimi na wewe," akasema, kama mtu anayeomba radhi.

Kiongozi alikuwa akituita sote kwa majina yetu ya kwanza, na wenzangu wakafanya vivyo hivyo. Mimi sikuweza. Mtu wa rika la babangu, nimwite kwa jina lake tupu? Kwa hiyo sikumwita chochote. Nikitaka kumwambia kitu, nilingoja mpaka anitazame.

Tulitembea vizuri. Mji wenyewe umekaa juu ya visiwa, ukivuka daraja moja unakuta maji mengine na daraja lingine. Kuta za nyumba zilikuwa za manjano na za rangi ya kutu, na mitaa imebanana kama ya Mji wa Kale kwetu, hata nikajikuta nanusa nikitafuta harufu ya kahawa ya tangawizi. Kulikuwa na kichochoro kimoja chembamba mno, cha ngazi, tulichokipanda mmoja mmoja. Mzee alinitangulia, mkono wake ukipapasa ukuta. Mchana tukaletewa samaki aliyelazwa kwenye siki na sukari. Samaki wa sukari! Nilimtazama yule samaki nikatafuta wa kumkonyeza. Mzee alikuwa akila kimya, macho kwenye sahani.

Alasiri tukafika kwenye jumba dogo la makumbusho, na hapo ndipo siku iliponiharibikia. Wengine walikwisha kuingia. Mimi na mzee tulikuwa wa mwisho, kwa sababu anatembea polepole. Kijana wa tiketi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatabasamu kwa wema kabisa.

"Mhudumu wa mzee haingii kwa tiketi," akasema. "Wewe pita tu, dada."

Nilingoja mzee aseme kitu. Alikuwa amesikia, niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Lakini alichukua tiketi yake moja, akaikunja, akaitia mfukoni, akapita.

Nami nikapita. Nilikuwa nimesuka nywele upya kwa ajili ya safari ile, chini ya mtandio wa hariri nilionunua makusudi. Miaka sita nilikuwa nimewainua wazee vitandani, nimewaosha, nimewalisha, na sikuona haya hata siku moja. Lakini zile zilikuwa siku zangu tatu za likizo, nazo zilikuwa zimechukuliwa kwa neno moja la upole. Nilisimama mbele ya kabati la vioo, sioni kilichomo.

Siku iliyofuata niliamua kutembea na wale dada wawili. Walinipokea vizuri, wakaniuliza kama Kenya kuna baridi, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, ya mtu waliyemjua wao, na mimi nikawa natembea kando yao kama mtu aliyepanda basi la watu wengine. Sikugeuka nyuma. Tulikuwa tumekaribia daraja kiongozi aliposimama akahesabu.

"Mwenzako yuko wapi?" akaniuliza.

Wote wakanigeukia. Nilitaka kujibu kwamba si mwenzangu, kwamba sikumchagua. Lakini nilijua kwamba kwa nusu saa nilikuwa nikisikia nyayo zake zikizidi kuwa mbali, na kwamba nilikuwa nimeongeza mwendo.

Nikarudi mbio. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mlango wa watu, mguu mmoja ameunyosha, soksi ameishusha. Kifundo kilikuwa kimeanza kufura. Alikuwa ameteleza.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Nilidhani mmepita huku."

Nikapiga magoti. Mikono yangu haikuniuliza kitu. Ilikishika kifundo, ikabonyeza hapa na pale, ikamwambia avute vidole. Hakikuvunjika. Nikavua mtandio wangu wa shingoni, si ule wa kichwani, nikamfunga nao. Wakati ule wenzetu walikuwa wamefika, wamesimama juu yetu, na yule mume wa makamo akacheka kwa nia njema.

"Una bahati," akamwambia mzee. "Umekuja na nesi wako."

"Sikuja naye," mzee akasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani anayo. "Yuko likizoni, kama wewe."

Kiongozi akasema kwamba palibaki mnara wa kupanda tu, na gati la kuangalia mashua, na kwamba angemwita dereva wa teksi. Nikamwambia watangulie, nitakaa na mzee mpaka teksi ifike. Hakuna aliyenilazimisha. Nataka hilo lijulikane.

Teksi ilichelewa. Tukajikongoja hadi mkahawa wa karibu, mguu wake tukauweka juu ya kiti, mwenye mkahawa akatuletea barafu ndani ya taulo na mikate mitamu yenye iliki. Iliki ile nusura inilize. Mzee alizungusha kikombe chake muda mrefu.

"Jana, pale mlangoni," akasema. "Nilisikia alichokuambia yule kijana."

"Najua ulisikia."

"Ilinipasa nimkosoe. Sikumkosoa." Akatazama taulo mguuni. "Nitakuambia ukweli, na utanichukia. Kwa nukta moja nilifurahi. Kwamba mtu amenitazama akadhani kuna aliyekuja nami."

Sikumchukia. Nilikuwa na jibu la ukali nililolala nalo, likaniishia mdomoni. Nilimwambia juu ya shoga yangu, juu ya homa ya mtoto, na kile kicheko nilichokisikia kwenye simu. Sikuwa nimemwambia mtu. Yeye akaniambia hakuoa. Aliishi na mamake katika mji mdogo wa Kent mpaka mama alipofariki akiwa mzee sana. Kazi yake ilikuwa posta, kupanga barua za kwenda ng'ambo, kila mji na kishimo chake ukutani. Miaka mingi alitupa bahasha kwenye kishimo cha Stockholm bila kujua Stockholm ikoje.

"Na sasa umeiona," nikamwambia.

"Nimeona mkahawa," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza tukacheka.

Aliniuliza barua alizokuwa akizipanga zilipokewaje upande wa pili, zikifika Mombasa. Nikamweleza sanduku la posta ambalo ukoo mzima tulikuwa tukilitumia, na mjomba aliyekuwa na ufunguo, ambaye alisoma barua za kila mtu kabla ya mwenyewe. Akataka kujua zaidi juu ya mjomba. Teksi ilipofika tukaomba isubiri.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege walimletea kiti cha magurudumu. Mfanyakazi wa pale alitaka kukisukuma, nikamwambia niachie. Stansted tukapanda treni pamoja hadi mjini, na kwenye stesheni tukaagana kwa mikono, kwa adabu, kama watu wanaotoka mkutanoni. Akaniandikia anwani yake kwa mwandiko wa mtu anayejua barua hupotelea wapi. Alinirudishia mtandio baada ya wiki mbili, umefuliwa na kupigwa pasi, umefungwa kwa karatasi laini.

Shoga yangu alikuja Lewisham mwezi wa Julai, na mtoto. Nilipika pilau. Mtoto alielewa kila tulichosema, akajibu kila kitu kwa Kiingereza, akamaliza maembe mawili niliyonunua sokoni. Nilimwonyesha mamake picha: maji, madaraja, milango. Mimi simo hata katika moja, kwa kuwa hapakuwa na wa kunipiga picha.

"Pazuri," akasema. "Mwakani twende sote, wallahi."

"Inshallah," nikasema.

Hakuniuliza ilikuwaje kwenda peke yangu, nami sikumwuliza juu ya homa. Niliwasindikiza hadi stesheni. Alinikumbatia kwa nguvu, kama zamani, kisha akatazama saa, maana alikuwa na zamu ya jioni. Hatukugombana, wala hatujagombana hadi leo. Mwakani hakukuwa na safari, na mwaka uliofuata hatukuitaja.

Mzee alinitumia kadi kila Desemba, na nyingine kila Idi, aliyoitafutia tarehe mwenyewe na mara mbili akaikosea. Alinialika chai. Aliandika treni gani nipande na nishuke stesheni gani, na kwamba kutoka hapo ni dakika saba kwa miguu, kumi kwa mwendo wake. Kutoka Lewisham ilikuwa treni moja tu. Kila mara nilimjibu kwamba nitakuja zamu zikinipa nafasi, na zamu zilinipa nafasi mara nyingi. Nililala, nilifua nguo, nilikaa dirishani nikitazama mabasi yakipanda kilima. Kwa nini sikwenda, hata sasa siwezi kusema. Nadhani niliogopa kufika kule na kukuta kwamba hatuna la kuzungumza, na kwamba mkahawa ule ulikuwa ndio yote.

Mwaka 2009 kadi ya Desemba haikuja. Nilingoja mpaka Januari iishe, nikisema posta huchelewa. Kisha nikaandika, ukurasa mmoja, nikaenda kuutia sandukuni mwenyewe, na jibu halikuja. Jumapili moja ya Machi nilikwenda stesheni ya Lewisham, nikasimama kwenye jukwaa la treni za Kent. Ya kwanza ilikuja ikaondoka. Ya pili ilipokuja niliipanda.