Taa Yangu ya Tumbawe

Tumbawe likitoka majini hunuka shombo na mwani, harufu inayoshika mikononi hata ukisugua kwa ndimu. Ua wetu pale Pangani ulinuka hivyo siku zote, kwa sababu baba alikuwa mchonga mawe. Miaka ile ya hamsini wengi walikwishahamia koroboi, lakini baba alikuwa mbishi: kila binti yake lazima aolewe akiwa na taa ya jiwe, ya kuwashia mafuta ya nazi. Dada zangu wawili walikuwa wamepata zao. Nilibaki mimi, kitinda mimba wa miaka kumi, na mkono wa baba ulikuwa umeanza kufa ganzi. Alijua hana muda, akaianza yangu mapema, saa moja moja kila asubuhi, kadiri ya nguvu zake.

Tumbawe bichi ni laini, patasi inaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Likikauka, ndiyo basi. Baba alichonga maua kwanza, pande zote nne, na shimo la mafuta akaliacha mwisho ili kingo zisivunjike. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwagia maji gunia lililofunika jiwe.

"Usisahau, mwanangu," aliniambia. "Mkono huu hauwezi jiwe kavu."

"Sisahau, baba."

Kisha homa ikamlaza siku tatu, na siku hizo hizo nyumba ya jirani bi harusi alikuwa anasingwa, akisuguliwa manukato mwili mzima. Vigelegele na harufu ya liwa vilinitoa akili. Nilishinda huko siku zote tatu, hata nikatiwa hina viganjani, na gunia sikulikumbuka kabisa.

Baba alipoinuka, patasi iliteleza. Alijaribu tena na tena, jasho likimtiririka, mpaka mkono ukagoma. Akaiweka chini, akatazama viganja vyangu.

"Imekolea," akasema.

Hakunigombeza. Laiti angenichapa! Aliahidi kwamba wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, tutaleta jiwe jingine. Bamvua ilipofika alikuwa hawezi kushika hata kikombe cha uji, na kabla ya mwezi kuandama tulimzika. Nililia kwa huzuni na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyodumu zaidi.

Mimi niliolewa nikiwa na koroboi la dukani. Sasa naishi Chumbageni, umeme uko kila chumba, na wajukuu huacha taa zikiwaka mchana kutwa. Jiwe langu liko juu ya kabati. Wageni husifu maua yake, kisha hulipapasa juu na kuuliza mafuta yanatiwa wapi.