Dirisha la Televisheni

Nakumbuka jioni ambayo televisheni ya kwanza iliingia katika kaya ya babu yako hapa Kiloleli, ikiwa imefungwa kwa khanga yangu juu ya keria ya baiskeli ya baba yako, Masanja. Khanga ilikuwa yangu, na televisheni pia ilikuwa yangu. Naliweka hili wazi mapema, mwanangu, kwa sababu umenipigia simu kutoka Bariadi kunieleza kwamba unataka kuiuza ile yenu ya zamani ununue kubwa ya ukutani, na ukauliza kama mama yako ana neno. Ninalo. Ila utalipata kwa kuzungushwa kidogo, maana mimi sijui kutoa nasaha kwa ujumbe mfupi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, pamba ikinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao, na mitumba ikamwagika minadani mpaka mafundi cherehani wakalia njaa. Mimi nilikuwa fundi, nikikaa barazani mwa duka pale senta. Wenzangu walipofunga vyerehani vyao na kurudi shambani, mimi niligundua kwamba suruali za Wazungu zinakuja na viuno vya Wazungu. Nikaacha kushona nguo mpya, nikaanza kupunguza za mitumba. Mwanamume akinunua suruali mnadani, anapita kwangu kabla hajafika nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, na changu kilijaa. Nasema kwa maringo, na sioni wa kunizuia.

Tulikwenda Mwanza kununua, mimi na baba yako. Wakati huo hata huku kwetu kulikuwa ni Mkoa wa Mwanza, jina la Simiyu kama mkoa lilikuwa bado. Baba yako macho yalimtoka kwa televisheni kubwa ya rangi, mtumba uliokuja kwa meli, iliyotaka umeme ambao hatukuwa nao. Alisema jenereta tutatafuta baadaye. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule muuzaji alikuwa akiitembeza ile ya rangi tangu tulipokanyaga mlangoni. Nikachagua ndogo, ya chogo, isiyo na rangi, inayokubali betri ya gari. Betri tungeichajisha pale kwenye mashine ya kusaga. Ng'ombe hanunuliwi kabla ya malisho, nilimwambia baba yako. Alikuja kukiri baadaye, kwa namna yake ya kukiri, yaani kwa kuwasimulia watu kwamba ni yeye aliyechagua.

Tukaiweka sebuleni. Antena tukaipandisha juu ya mti mrefu, mtu mmoja akiigeuza nje na mwingine akipiga kelele ndani kwamba chenga zimepungua. Babu yako, Mzee Luhende, aliweka kiti chake mbele kabisa, katikati, kama ilivyompasa mwenye kaya. Majirani wakajaa nyuma yake. Na mimi niliyeinunua nikaenda kukaa chumba cha ndani, juu ya mkeka, ukutani.

Ninyi mmeikuta desturi hii imelegea, kwa hiyo nitaieleza. Katika kaya ile, mkamwana na baba mkwe hawakukaa chumba kimoja wakatazamana. Akiwa sebuleni nilipiga goti mlangoni nikiangalia chini, nikaweka chakula, nikaondoka. Akiwa na neno kwangu alilipitisha kwa mama mkwe au kwa baba yako. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mimi niliibeba bila kuona uzito wake mpaka siku ilipokuja televisheni.

Basi nikawa naisikia, siioni. Nilimjua mtangazaji wa taarifa ya habari kwa sauti, sikujua kama ana ndevu. Watu walipoangua kicheko nilibaki na sindano mkononi nikijiuliza wamecheka nini, na kichekesho kikija kusimuliwa kesho yake ni kama nyama iliyobaki mifupa. Mchana mzee akiwa malishoni hakukuwa na kitu cha kuangalia, matangazo yalianza jioni, naye jioni ndipo aliporudi. Kitu changu, jasho langu, na macho yangu hayakuwa na ruhusa. Iliniuma, mwanangu. Usisikie watu wakisema wanawake wa zamani hawakuumwa na mambo.

Akaja mwenye kibanda cha video pale senta, akataka kuinunua. Nikamkubalia. Jioni moja kabla watu hawajakusanyika nikamwambia baba yako chumbani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua, kwamba naiuza nipate cherehani ya pili, kwa kuwa siwezi kulisha macho ya watu huku yangu yakishinda njaa. Baba yako akaanza kunituliza kwa maneno yake ya upole. Tulisahau jambo moja. Nyumba zetu zile hazikuwa na dari, kuta za tofali za udongo ziliishia chini ya paa, na neno likitamkwa chumba kimoja linapanda juu na kushukia chumba kingine. Upande wa pili tukasikia mtu anakohoa.

Mzee Luhende alizungumza na mwanawe, kama desturi ilivyotaka, ila kwa sauti ya kunifikia mimi, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Masanja, mwambie mayu huyo, mtu hauzi ng'ombe kwa sababu zizi halina mlango. Anatoboa mlango."

Halafu akaongeza la baba yako.

"Na wewe umeoa mtu mwenye mikono, unamweka gizani."

Haya ilinishika, nikajifunika khanga usoni ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Kukemewa na mtu ambaye hakupaswa hata kunisemesha kulinikaa kifuani. Lakini ndani ya haya ile kulikuwa na kitu kingine kitamu, kwamba ameisikia njaa yangu na hakuiita utovu wa adabu.

Asubuhi yake hakwenda malishoni. Alichukua sururu na panga, akasimama sebuleni kwenye ukuta wa ubavuni unaotenganisha na chumba cha ndani. Akamtuma mama mkwe kwangu. Mama mkwe akanikalisha mkekani kama ninavyokaa kila jioni, akaniambia nisijinyooshe wala nisijikunje, akaweka kiganja chake ukutani usawa wa macho yangu na kugonga. Kutoka upande wa pili mzee akagonga kujibu, akaanza kutoboa pale pale. Vumbi likanijaa kichwani, nami sikusogea. Jirani aliyepita akauliza dirisha gani linaangalia ndani ya nyumba yenyewe, au mzee anataka sebule ipate hewa. Akajibiwa kwamba ni dirisha la televisheni, na kama hana la kufanya alete udongo wa kulisiribia. Jirani akaleta udongo.

Jioni ile mzee akaondoa kiti chake pale mbele katikati. Akakiegemeza kwenye ukuta huohuo wa dirisha, kando kidogo, ili asinione wala nisimwone, ila wote wawili tuione televisheni. Mbele pakabaki pa wageni. Mimi nikafungua macho nikamwona mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuwa na ndevu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Tangu siku hiyo tukawa na namna yetu. Mzee hakuzungumza na mimi, alizungumza na televisheni. Alikuwa akiiuliza, kwa sauti kubwa, kama koti la yule waziri limeshonwa na fundi au na adui yake. Mimi nami, kutoka dirishani, naijibu televisheni kwamba bega la kushoto limepanda. Wageni wakageuka, na mzee akawaambia kwa majivuno kwamba humu ndani kuna fundi. Kwa njia hiyo tulizungumza miaka mingi, juu ya mvua na bei ya pamba na wanasiasa, bila kuvunja heshima hata siku moja. Nimewajua watu waliolala kitanda kimoja na hawakuzungumza hivyo.

Nguzo za umeme zilipofika senta, kila mwenye uwezo akataka ya rangi, na sisi tukataka. Ile ndogo ilikuwa imechoka, sura zilianza kurefuka kama mtu anayejiona kwenye kijiko. Baba mdogo wako, aliyekuwa anaishi mjini, akajitolea kuchagua kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa vitu vya mjini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Siku ya mnada akatoka na fahali wake mwekundu, yule aliyekuwa akimwita kwa jina, na jioni akarudi na kamba tupu. Akazifunga fedha za fahali kwenye kitambaa, akaziweka dirishani, upande wangu. Kisha akaiambia televisheni iliyochoka:

"Atakayechagua ni anayekaa pabaya. Ikimfaa yeye, itatufaa wote."

Mwanangu, fahali wa Msukuma hatoki zizini kwa mchezo. Na mwanamke kupewa thamani ya fahali akachague kitu cha kaya nzima, mbele ya watoto wa kiume, siku zile halikuwa jambo la kila nyumba. Nililala na kile kitambaa chini ya kichwa.

Tulikwenda Bariadi, duka moja karibu na stendi. Televisheni zilipangwa ukuta mzima, zote zikionyesha mpira uleule. Baba yako akasimama mbele yao kama askari mbele ya bendera. Mimi nikaenda pembeni, nikatandika khanga sakafuni, nikakaa kama ninavyokaa mkekani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akanifuata.

"Mama, televisheni inaangaliwa kutokea mbele huku."

"Kwako. Kwangu inaangaliwa kutokea hapa."

Akaniwashia moja moja. Ile kubwa kuliko zote, ambayo baba yako alikwisha kuianzia mapenzi, kioo chake kilibinuka, ukikaa pembeni unaona mwanga wa mlangoni umelala juu ya nyuso za watu. Nyingine rangi zake zilichuja. Nikafika kwa ya wastani, kioo kimenyooka, na kutoka pale sakafuni nikamwona mchezaji mzima na namba yake mgongoni. Nikataka kusema hii hapa. Ndipo nikakumbuka kiti cha mzee. Nikasogea mpaka pale ambapo kingekuwa, karibu zaidi na ukuta, nikaangalia.

Palikuwa pabaya kuliko pangu. Kutoka pale hata ile nzuri ilionekana nusu, na mtu alilazimika kukunja shingo. Miaka yote ile mzee aliyekuwa na haki ya kukaa katikati alikuwa amekunja shingo ukutani ili mimi nione, na alipotaja anayekaa pabaya alinitaja mimi. Nilijua pale sakafuni, kati ya miguu ya wateja, nikalia. Muuzaji akadhani nalilia bei, akapunguza bila kuombwa. Sikumkatalia.

Tukaichukua ileile. Jioni mimi ndiye niliyesema meza yake igeuzwe kidogo kuelekea ukuta wetu, na wageni wa mbele wakae upande upande, watazoea. Mzee akakaa. Alinyoosha shingo, akaigeuza huku na huku kama mtu aliyevua nira. Nikamsubiri aiambie televisheni neno. Hakuiambia. Alisema kwenye dirisha, polepole, bila kupitia kwa Masanja wala kwa mama mkwe:

"Wabeja, mayu."

Asante, mama. Hayo tu. Nimesifiwa na watu wengi kwa ushonaji wangu, na wewe unajua sichoki kusifiwa, lakini hayo mawili ndiyo nitakayozikwa nayo.

Sasa nakuja kwako. Umenieleza inchi, umenieleza rangi, umenieleza na jirani yako aliyenunua kubwa kuliko hiyo. Hujanieleza mkeo anakaa wapi. Mimi nilipokuja kwenu Bariadi nilimwona. Taarifa ya habari ikianza anatoka jikoni, anasimama mlangoni na mwiko mkononi, anaangalia kwa ubavu, sufuria ikichemka anarudi. Hakuna baba mkwe sebuleni kwenu, hakuna desturi inayomzuia, na bado yuko nyuma ya ukuta. Mwenye macho haambiwi tazama, ila wewe macho yako yako mbele kwenye kochi.

Kwa hiyo sikiliza la mama yako. Nunua kinachoweza kulishwa na nyumba yako, usinunue kwa ajili ya jirani. Ukifika dukani usisimame katikati, katikati kila televisheni ni nzuri. Hizi bapa za siku hizi nyingine ukikaa pembeni watu wote wanageuka majivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpeleke mkeo, asimame kama anavyosimama pale mlangoni, na mwiko aubebe akipenda, yeye ndiye achague. Na mkirudi nyumbani, ukuta wa jikoni ukiwa bado unamziba, sururu ya babu yako iko hapa Kiloleli nyuma ya mlango, njoo uichukue.

Mungu wa babu yako akupe nyumba ambayo hakuna mtu wake anayesikia kicheko asichojua kilianzia wapi. Akupe shingo isiyoona taabu kukunjwa kwa ajili ya mwingine, na siku moja, mwanangu, akupe mtu wa kukuambia wabeja.