Nimejifunza kuota huku najua naota, lakini uso wa mama bado sijauona

Wakuu, amani kwenu popote mlipo. Mimi niko Bunia, commune ya Shari, nauza vipuri vya pikipiki. Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe. Sijayapamba, kwa sababu ni kisa kidogo na kukipamba kungekiharibu.

Kwanza niseme nilichokuwa natafuta.

Mama alifariki Nia-Nia nikiwa bado shule ya msingi. Picha zake zilibaki ndani siku tulipokimbia vita, na nyumba yenyewe haikubaki. Tangu hapo nimezunguka sana: Mambasa, Butembo, Gety, tena Mambasa, nikiuza hiki na kile. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na sura yake imenitoka kichwani. Nakumbuka kitenge chake, nakumbuka shingo. Uso, hapana. Dada yangu aliyeko Kisangani anasema mimi nimefanana na baba, kwa hiyo hata kioo hakinisaidii.

Lakini namuota. Ndoto ni ileile: uwanja wetu wa Nia-Nia, mama ameinama anapuliza moto wa kuni mbichi, amenipa mgongo. Mimi nasimama tu nyuma yake mpaka naamka.

Siku moja nikasoma kwenye simu habari za "lucid dream". Yaani mtu anaota huku anajua kabisa kwamba anaota, na humo ndani anaweza kufanya anachotaka.

Nikasema basi, dawa ni hii. Nikijua naota, nitazunguka upande wa pili wa moto, nimtazame. Ni hatua chache tu.

Njia wanayofundisha ni hii: mchana kutwa ujiulize kama umelala au uko macho, na ufanye jaribio. Ukizoea, utajiuliza hata ndotoni.

Jaribio la kwanza ni kuwasha taa. Isipowaka, ujue unaota. Wakuu, aliyeandika hilo hajawahi kukaa Bunia. Kwa kipimo chake mimi nimelala tangu nizaliwe. Nikaliacha.

La pili ni kutazama vidole, maana ndotoni huwa havitulii. Nikawa natazama mikono dukani, mezani, njiani. Mke wangu, mama Grâce, ni mtu wa Butembo na hajui kunyamaza.

"Baba Grâce, ile mikono unaangaliaka kila saa, iko na nini? Unaogopa batakuibia?"

La tatu ni kuziba pua na kujaribu kupumua. Ukiweza, unaota. Siku moja nimeziba pua pale dukani, akaingia dereva wa moto, yaani pikipiki, ametoka njia ya vumbi, jasho linamtoka.

"Boss, unafunga pua ju yangu? Niko nanuka?"

"Hapana, ndugu. Niko nacheki kama niko nalala."

Akanitazama vizuri. "Basi kama uko nalala, nipe ile chaîne bure. Ukiamka utaikuta."

Mnyororo sikumpa. Lakini kwa wiki nzima madereva wa kituo chake walipita dukani kwangu wameziba pua.

Usiku, hakuna kitu. Uwanja, moshi, mgongo wa mama, naamka.

Nadhani nimeijua sababu. Wanasema utagundua unaota kwa kuwa utaona kitu cha ajabu. Mimi ajabu siioni. Mtu aliyelala juu ya lori Gety akaamka liko Komanda hashangai kuwa mahali pengine. Anauliza tu chai iko wapi. Kwa hiyo nikijikuta Nia-Nia, naona sawa, leo tuko Nia-Nia.

Mwishoni nikamweleza mama Grâce ukweli wote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza:

"Na mie? Kwenyi ile ndoto niko wapi?"

"Haupo."

"Ona sasa! Unafika kwa mama yako, bibi hauna, batoto hauna, na hauulize? Weye ni mwanaume wa namna gani? Kila fasi unafika, uliza kwanza: mama Grâce iko wapi? Ukikosa jibu, ujue umelala."

Alikuwa ananichokoza. Mimi nikalishika lile swali. Dukani, kanisani, barabarani, nikawa najiuliza kimoyomoyo: mama Grâce yuko wapi? Jibu lilikuwepo daima. Yuko sokoni. Yuko kwaya. Yuko nyuma yangu, anataka nimpishe.

Ikaja Jumapili moja mchana. Tumetoka misa, mvua inapiga mabati, nikajilaza.

Uwanja. Moshi. Mama ameinama. Na swali likaja lenyewe kama kwikwi: mama Grâce yuko wapi?

Nikatafuta jibu, nikakosa. Hapo nikajua.

Kila kitu kikasafika. Niliona matone ya maji yakishuka kwenye majani ya paa la jiko, moja moja. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa ya mtoto. Moto ulikuwa mbele yangu na njia ya kuuzunguka ilikuwa wazi.

Nikasema, "Mama."

Hakugeuka. Aliniita jina la utoto, ambalo sitaliandika hapa, akasema: "Bidon iko kavu. Enda uchote maji, uache kusimama mu moshi yangu."

Wakuu, nilikuwa najua naota. Nilijua hakuna chakula kitakachopikwa kwa maji yale.

Nikachukua bidon, nikaenda. Njiani nikaamka.

Mama Grâce alikuwa mlangoni anatazama mvua. "Ulimuona?"

"Hapana. Alinituma maji."

Akaiacha mvua, akanigeukia. "Na ulienda?"

"Nilienda."

"Njo vile," akasema. "Mama akikutuma, utafanya je."

Nilichojifunza ni kwamba kujua unaota kunakupa kujua tu, basi. Ukubwa mbele ya mama hakukupi. Tangu siku ile nimeingia tena mara kadhaa, na kila mara ananituma: maji, kuni, kaa la moto kwa jirani. Kila mara naenda.

Uso bado. Ila sauti yake ninayo sasa, nzito kidogo, imekwaruzwa na moshi. Nayo ilikuwa imenipotea, na sikuwa hata najua kwamba imepotea.

Mwenye uzoefu aseme hapa chini. Kuna aliyewahi kumkatalia mzazi wake ndotoni, akabaki amesimama? Aliona nini? Na wewe unayetaka kuniandikia "kataa tu, ni ndoto", mfikirie kwanza mama yako, kisha uandike.