Maji ya Samaki wa Stoo

Mwaka jana nililala kwenye hoteli moja ya Nairobi, na pale mapokezi nikamwona mfanyakazi akibadilisha maji ya tangi la samaki. Alichomeka mpira kwenye bomba, akafungua, akasimama akiongea kwa simu. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Rafiki yangu, hebu nikueleze tulivyoifanya kazi hiyo Garissa miaka ya tisini, wakati maji yalipokuja mtaani kwetu kwa mkokoteni wa punda.

Tangi lile la kioo aliniachia mwalimu wa sayansi alipohamishwa, pamoja na samaki wadogo aliowatoa kwenye madimbwi ya mto Tana. Juu, jua lingewachemsha. Kwa hiyo tuliliweka katika stoo iliyochimbwa chini ya duka la mama, katikati ya magunia ya sukari na harufu ya iliki. Huko chini kulikuwa na baridi tamu. Bomba halikuwako.

Basi maji machafu niliyavuta kwa mpira, kwa mdomo. Ukichelewa kuuachia, umemeza. Ndoo ikijaa napanda nayo ngazi, namwagia mpapai, kisha nashuka na maji safi yaliyolala kwenye mtungi wa plastiki tangu jana yake. Mgongo uliuma, nguo zilinuka mto, na niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote.

Kisha ukaja ukame. Ayeyo, mama yake mama, alifika kutoka Buna bila mbuzi hata mmoja, akawa analala akiutazama ukuta. Mkokoteni ukawa adimu. Siku moja jirani alisimama dukani akasema kwa sauti, ili sote tusikie, kwamba ng'ombe wanaanguka njia nzima ya Liboi na sisi tunanywesha samaki. Mjomba wangu, ambaye nilimwita abti, aliona aibu. Akaniita.

"Wapeleke mtoni leo."

"Siwapeleki, abti. Wataliwa na ndege."

Mtoto, tena wa kike, anamkatalia mjomba wake mbele ya wateja! Mdomo wangu haukurudi nyuma.

"Nitawapa maji yangu ya kuoga."

"Utanuka."

"Nitanuka."

Na nilinuka kweli. Nilijibakishia ya kunywa na ya kutawadha tu. Shuleni wenzangu walinikalia mbali, nami nikakaa wima.

Mjomba hakuridhika. Asubuhi moja alishuka na sufuria ili awatoe mwenyewe, nami nikamfuata mbio. Kumbe ayeyo alikuwa huko chini, ameketi mbele ya kioo.

"Wanatoa maziwa?" aliniuliza.

"Hapana, ayeyo."

"Wakiona kiu, wanalia?"

"Hapana."

"Mifugo mibaya," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Lakini wako kwenye zizi la mtoto huyu. Wangu walikufa nikiwatazama. Hawa hawafi."

Akauchukua mpira, akavuta, akameza, akatema juu ya viatu vya mjomba. Mjomba alipanda ngazi na sufuria yake tupu. Tangu hapo tulikuwa wawili, mimi na ndoo, yeye na mpira, akiwaimbia samaki nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani.

Mvua iliponyesha, ilinyesha kama yenye hasira. Mto uliingia mitaani, stoo ikajaa mpaka ngazi ya juu, sukari yote ikayeyuka. Mama alilia. Samaki walipita juu ya tangi lao wakaenda zao. Ayeyo alisimama mlangoni, maji yakimfika magotini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke Buna. "Leo Mungu amewabadilishia maji mwenyewe!"

Ayeyo ametangulia mbele ya haki. Stoo ilifukiwa kwa kifusi, na juu yake pana ghorofa lenye bomba kila chumba. Kwenye harusi za ukoo bado wapo wanaoniambia kwamba nilipoteza maji wakati watu wana kiu. Siinamishi kichwa. Nawaambia maji yalikuwa yangu, harufu ilikuwa yangu, na hakuna samaki hata mmoja aliyefia mikononi mwetu.